Mikia ya uzi: usikate kabla hujairudisha ndani

Wafumaji wenzangu, habari za huko mliko. Leo naomba tuongelee kitu ambacho hakuna mtu anakipiga picha akaweka status, nacho ni mikia ya uzi. Ile inayobaki ukianza kazi, ukibadilisha rangi, ukiunga donge jipya la uzi baada ya la kwanza kuisha, na ile ya mwisho kabisa ukimaliza. Nimeona kazi nzuri sana hapa mjini, nguzo (zile nyuzi zilizosimama zinazojenga kila mstari) zimenyooka, mananasi (ile dizaini yenye umbo la nanasi) yamekaa kwenye mstari, rangi zimependana, afu ukigeuza nyuma unakuta mafundo yamejazana na vimkia vya sentimita moja vinachungulia kila kona, na mwenye kazi anakwambia nimemaliza. Hapana mpendwa, hujamaliza.

Msimamo wangu nausema hapa hapa juu ili asiye na muda aondoke nao: fundo peke yake halishikilii kazi ya kroshia. Kinachoshikilia ni mkia mrefu uliorudishwa ndani ya kazi kwa sindano, ukaenda, ukageuka, ukarudi. Mengine yote ntakayoandika hapa chini ni kwanini na namna gani.

Naongea hivi kwa sababu naijua safari ya kitambaa kikishatoka mkononi mwetu. Huku Kigoma vitambaa vya makochi havibembelezwi. Kuna vumbi jekundu la kiangazi, kuna watoto, kuna mawese ambayo yakidondokea kitambaa cheupe lazima ufikiche mpaka vidole viume, na kufua kwetu ni beseni na sabuni ya mche, unafikicha, unasuuza, unakamua, na kikiwa ni kitambaa kikubwa cha kitandani wanakamua watu wawili, mmoja ameshika huku mwingine kule wananyonga kila mtu upande wake mpaka maji yaishe. Wengine wanateremka nacho ziwani kabisa wanakipiga kwenye mawe. Sasa hicho kifundo chako kimoja chenye mkia wa sentimita moja, kimekaa katikati ya mvutano wote huo, ikifika kufua mara ya tatu au ya nne kimeshaanza kusogea, na kikishasogea kitu kinachofuata ni mteja kukuletea kitambaa kina tundu ambalo wewe hukulifuma.

Kwanza tuelewane kroshia inashikana vipi, maana ukishaelewa hili hutahitaji mtu wa kukukaririsha. Kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachokuja baada yake. Cha kwanza kimeshikwa na cha pili, cha pili na cha tatu, mpaka unafika cha mwisho, na cha mwisho hakuna kinachokishika. Ndo maana tukikosea tunachomoa sindano tunavuta uzi na kazi inafumuka prrrr mpaka tunapotaka, inafumukia kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukijaribu kuvuta ule uzi wa mwanzo, wa kwenye cheni ya kuanzia, ule mnyororo wa vitanzi, haufumuki hivo, unalegeza kitanzi cha kwanza kidogo afu unakwama. Kwahiyo mkia wa mwisho ndo hatari kuliko yote, ukitoka huo kazi nzima iko wazi. Lakini isije ikakudanganya kwamba wa mwanzo ni salama, hasa kama umeanza na duara, hiyo ntaifikia.

Na mikia ya katikati, pale ulipounga donge jipya au kubadilisha rangi, hiyo ina ubaya wake peke yake: iko miwili sehemu moja, na kila mmoja umeshika upande wake. Ikiachia hapo, pande zote mbili zinalegea kwa wakati mmoja na tundu linatokea katikati ya kitambaa, sehemu ambayo kila mtu anaiona.

Sasa fundo lina shida gani. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, na akiwa nchi kavu kazi yake kubwa ilikuwa kushona nyavu, nilikuwa nakaa naye na kroshia yangu yeye na nyavu zake. Siku moja aliangalia ninavyofunga uzi akaniambia, "Mpwa wangu, kamba ya katani ikilowa inajibana, nailoni ikilowa inateleza. Sisi huku hatufungi mara moja, na mkia tunauacha." Akanionyesha fundo la wavu wake, kweli limezungushwa mara mbili na mkia umebaki nje, hajaukata hadi kwenye fundo. Nilikuwa msichana mdogo tu lakini hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu nyuzi nyingi tunazofumia sisi ziko upande wa nailoni, haziko upande wa katani.

Ule uzi wa sweta unaouzwa madukani, mwingi ni akriliki. Akriliki ni plastiki, haifyonzi maji ikavimba ikajibana, ni nyepesi, inavutika inarudi, na ule uvutikaji wake ndo unaosukuma fundo lifunguke polepole. Ule wa kung'aa ng'aa wa polista ni mbaya zaidi, ukifunga fundo usiku asubuhi unakuta limeshajilegeza hata halijaguswa. Uzi wa pamba wa vitambaa una afadhali kwa upande wa maji lakini ule mwembamba uliosokotwa ngumu na kung'arishwa nao unateleza, na kwa kuwa ni mwembamba fundo lake ni dogo, linapita kwenye tundu la dizaini linatokea mbele, unaona kinukta kigumu usoni mwa kitambaa. Sufu ya kondoo yenyewe ni habari nyingine, ina magamba madogo madogo yanayong'ang'aniana, ndo maana mnaona kwenye video za Ulaya mtu anaunga nyuzi mbili kwa kuzilowesha mate na kuzisugua viganjani zinakuwa uzi mmoja, na mikia yake anaacha mifupi na inakaa. Hiyo ni sufu, tena ile ambayo haijatiwa dawa ya kuzuia isigandamane. Ukijaribu na akriliki yetu utasugua mpaka kesho. Kwahiyo mnapojifunza YouTube muulize kwanza yule dada ameshika uzi gani, kabla hamjaiga urefu wa mkia wake.

Sijasema msifunge fundo kabisa. Ukiwa unaunga donge jipya ukafunga kifundo chepesi ili nguzo zisilegee wakati unaendelea, sawa, hakuna ubaya. Ubaya ni kulifanya fundo ndo ulinzi.

Haya sasa namna ya kurudisha. Kitu cha kwanza kinaanza kabla ya sindano, acha mkia mrefu. Kipimo changu ni kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, inakuja kama sentimita 17 au 18 kwa mkono wa mtu mzima. Chini ya 15 utajitesa, kwa sababu sindano nayo ina urefu wake, utafika katikati ya njia mkia umeishia tunduni. Najua watu wanabana uzi, donge limepanda bei, lakini mpendwa unabana sentimita kumi unapoteza kitambaa kizima.

Ukifika kitanzi cha mwisho, kata uzi ukiwa umeacha urefu huo, afu vuta kitanzi kwa sindano ya kroshia mpaka mkia wote utoke kwa juu, kaza kidogo. Msikate uzi mkaacha kitanzi kimekaa wazi mkidhani mtafunga baadaye.

Sindano ya kurudishia, kwa uzi wa sweta natumia shazia, ile ile ya kushonea magunia, ila chagueni ndogo, na mkipata yenye ncha iliyosagika kidogo ni nzuri zaidi kwa kupita chini ya vitanzi bila kuvichana. Kwa uzi mwembamba wa pamba shazia ni kubwa mno inatoboa matundu, hapo tafuta sindano ya mkono yenye tundu refu. Wengi wanakata tamaa hapa kwa sababu uzi hauingii kwenye tundu, wanaulamba, wanausokota, wanaukata upya, ncha inafumuka tena. Fanya hivi: usiingize ncha. Kunja uzi juu ya mwili wa sindano, ubane ule mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada pale pale karibu na chuma, afu chomoa sindano huku umeubana hivo hivo, mkunjo utabaki katikati ya vidole umelala bapa, sasa usukume huo mkunjo kwenye tundu. Unaingia wote mara moja. Nimewafundisha mabinti wengi hiki kitu kimoja tu na wakaacha kuogopa mikia.

Wengine wanarudisha kwa sindano ya kroshia yenyewe, wanachomeka wanavuta, wanachomeka wanavuta. Inafaa kama huna kitu kingine, ila kulabu inapanua vitanzi inapopita na mkia unakaa umelegea, mimi kwa kazi ya kuuza situmii.

Geuza kazi nyuma. Angalia zile nguzo kwa karibu, kila nguzo ina miguu, nyuzi zilizosimama, na chini kuna shingo ambapo imeshikana na mstari wa chini. Pitisha sindano ndani ya hizo nyuzi, ndani kabisa katikati ya unene wake, usipite juu juu kama unashona pindo, upande wa mbele usione chochote. Nenda hivo kama sentimita tano kufuata mstari. Vuta mkia polepole mpaka ukae bila kukunja kitambaa, ukivuta sana mstari utajikunyata na hata ukipiga pasi hautanyooka.

Afu geuka. Hapa ndo penye siri. Ruka uzi mmoja, mmoja tu, ndo uchome kurudi ulikotoka. Ukirudi kwenye tundu lile lile bila kuruka kitu, mkia hauna kilichoushika pale kwenye kona, utatoka kwa njia ile ile uliyoingilia. Ukiruka uzi mmoja, ule uzi unakuwa ndo kizuizi. Wakati wa kurudi, mara moja moja toboa katikati ya uzi wenyewe, maana uzi mmoja ni vinyuzi vitatu au vinne vimesokotwa pamoja, na mkia ukipita katikati ya vinyuzi unabanwa na msokoto. Kwa kazi hii ya kutoboa ndo ncha kali inasaidia, hivyo mwenye sindano mbili, butu na kali, yuko vizuri. Nenda tena sentimita nne tano.

Afu mara ya tatu, badilisha uelekeo kabisa. Kama ulikuwa unakwenda kulia na kushoto, sasa panda juu au shuka chini kufuata nguzo moja. Kwanini? Kwa sababu kitambaa kinavutwa kila upande. Mkia uliokwenda upande mmoja tu, siku kitambaa kikivutwa upande huo unateleza nao. Ukiwa na kona mbili, upande wowote utakaovutwa kuna sehemu ya mkia imekaa kimkingamo.

Ukimaliza usikate bado! Shika kitambaa kwa mikono miwili, kivute kwa upana, kivute kwa urefu, nguvu kama ya kukianika. Utaona mkia unaingia ndani kidogo, huo ndo ulegevu uliokuwa umejificha. Sasa kata, acha kama milimita tatu, vuta tena kitambaa na hizo milimita zitazama zenyewe. Aliyekata kabla ya kuvuta, kitambaa kikivutwa mara ya kwanza kwenye beseni kile kimkia kinatokea mbele.

Rangi ifuate rangi yake. Mkia mweusi chini ya nguzo nyeupe utaonekana tu hata uufiche vipi, kitambaa kikilowa ndo unaonekana zaidi.

Vitambaa vya mananasi na vya matundu matundu vinahitaji akili ya ziada, na hivi ndo vinauzwa sana huku, kila sebule unayoingia utavikuta mgongoni mwa kochi. Shida yake ni kwamba mahali pa kujificha ni pachache, nusu ya kitambaa ni hewa. Usikatize tundu na mkia hata siku moja, uzi unaokatiza tundu unaonekana ukiwa mlangoni. Tafuta sehemu nguzo zimeshonana, tumbo la nanasi lenyewe au ile mistari imara ya pembeni, na kama mkia umeishia kwenye cheni tupu basi tembea nao ndani ya cheni, unazunguka cheni moja moja kufuata msokoto wake mpaka ufike kwenye nguzo, afu uingie humo ndani upande juu. Ni kazi ya taratibu. Ndo maana mimi kwenye kitambaa cha mananasi nikiona donge linakaribia kuisha, sisubiri liishie popote, naangalia mbele, nikiona mstari unakwenda kwenye cheni nyingi naunga uzi mapema huku bado niko kwenye nguzo. Uzi unaobaki unapata kazi nyingine.

Sasa duara la katikati. Wale mnaoanza kwa kuzungusha uzi kidoleni, mnafuma nguzo juu yake, afu mnavuta mkia duara linafunga tundu lote, mzuri sana huo mwanzo, vikofia na madoli yanatoka safi bila tundu utosini. Ila ulichokifanya pale ni mlango unaofunguka kwa uzi ule ule uliofungia. Nguzo zote za mzunguko wa kwanza zimekaa juu ya mkia, na mkia hauna kinachouzuia isipokuwa wewe. Kofia ikivaliwa ikavutwa, duara linafunguka kidogo kidogo mpaka utosi unabaki na tundu. Kwahiyo mkia wa duara sentimita 18 ni chache, acha zaidi, zungusha kwa sindano chini ya nguzo zote za mzunguko wa kwanza angalau mara mbili, ruka uzi mmoja, rudi kinyume nyume mzunguko mmoja, afu ndo uondoke pale kwenda mzunguko wa pili na kutoboa toboa. Kwa polista ya kung'aa mimi hata silianzi hilo duara, naanza na cheni nne nimeziunga, katundu kadogo kanabaki lakini hakafunguki.

Kuna hii njia ya kulaza mkia juu ya mstari na kufuma nguzo juu yake, ukifika mbele umeshafichwa bila sindano. Watu wanaipenda kwa sababu ni ya haraka na kwa kweli ni ya zamani. Wanawake wa Ireland wakati wa ile njaa kubwa ya viazi ya miaka ya 1840 walifuma lesi za kroshia za kuuza na familia nyingi zilipata riziki hapo, na kwenye lesi ile wanafuma juu ya uzi mnene uliolazwa ili maua na majani yatokeze, nguzo fupi fupi zimebanana juu yake na hautoki. Angalia hilo neno, zimebanana. Kama kazi yako ni nguzo fupi zilizokaza, mkeka, kapu, pochi, fumia juu na uendelee na maisha. Kama ni nguzo ndefu zenye nafasi, au ni blanketi ambalo mtu atajifunika alivute usiku kucha, mkia uliolazwa umenyooka mstari mmoja tu, hauna kona, unateleza nje. Mimi nafanya hivi: nafumia juu nguzo sita saba, afu mkia uliobaki siukati, narudi nao kwa sindano kinyume. Inachukua dakika moja na inakaa.

Kuhusu moto. Najua wengi mna kiberiti pembeni, mnachoma ncha inayeyuka mnabonyeza inaganda. Kwa mkoba wa nailoni au kamba, sawa kabisa, hata mimi nachoma. Lakini akriliki ikiyeyuka inaacha punje ngumu yenye makali, inakwaruza ngozi, tena inashika moto upesi, na ukikosea unaunguza nguzo ya jirani. Pamba haiyeyuki, inaungua inabaki jivu na weusi ambao hautoki kwenye kitambaa cheupe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kujizima. Kwahiyo moto ni wa nailoni na polista tu na iwe ni kitu ambacho hakigusi ngozi ya mtu. Gundi na rangi ya kucha siziungi mkono, zinakauka ngumu na baadaye zinageuka njano.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi kuliko sehemu yoyote, kwenye vitu vya watoto wachanga. Oda za soksi, vikofia na vile vifuko vya mikononi zinakuja kila siku, mtu akipata mjukuu tu anakuja. Kule kwenye kitambaa cha kochi mkia ukiachia umepoteza kitambaa. Kwenye soksi ya mtoto, mkia uliolegea ndani, au uzi uliopita mrefu kwa ndani kutoka rangi moja kwenda nyingine, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu. Mtoto anarusha miguu, uzi unakaza, damu haipiti, kidole kinavimba kinakuwa chekundu kikielekea kubadilika rangi, na mtoto analia watu wanadhani ni tumbo. Ni jambo ambalo madaktari wanalijua, linatokea kwa nyuzi za soksi na hata kwa unywele wa mama. Kidole kikikaa hivyo muda mrefu kinaweza kuharibika kabisa.

Kwahiyo soksi ya mtoto kabla haijatoka mkononi mwako igeuze ndani nje, ipitishe kidole chako kidogo kila kona, ukiona kitanzi chochote kinachoweza kunasa kidole, kifunge. Usiweke michoro ya rangi inayoacha nyuzi zinaning'inia kwa ndani, weka mistari, na kila mkia urudishwe mara tatu ukitobolewa. Mimi mikia ya soksi za watoto naitoa upande wa nje na kuifichia kwenye pindo la juu, ndani panabaki safi. Na mteja namwambia mdomo kwa mdomo. Juzi kaja mama mmoja kuchukua soksi za mjukuu, nikamwambia, "Mama, kila mkimvua mtoto angalieni vidole, na zikianza kutoa uzi msimvalishe, nileteeni nizishone bure." Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimelea saba sijawahi kuambiwa hili." Basi mwambie na wewe wako. Na ikitokea mtoto analia hamwelewi, vueni soksi muangalie, mkikuta uzi umezama kwenye kidole na hautoki kirahisi mpelekeni hospitali hapo hapo, msianze kuchokonoa na wembe.

Madoli nayo yana raha yake, mkia unauzamisha tumboni kwenye pamba ya kujazia na kwisha, ila kabla ya kuzamisha ukaze kwa kupita chini ya nguzo mbili tatu, sio kuutumbukiza tu. Macho ya uzi ndo watoto wanayavuta, hayo toboeni mpaka upande wa pili wa kichwa na mrudi.

Lini urudishe? Kila unapomaliza kipande. Ukisema utarudisha yote mwishoni, mwishoni utakuwa umechoka na hiyo kazi na ndo hapo mkasi unapochukuliwa. Blanketi la vipande vya miraba vyenye rangi tatu, kila rangi ina mkia wa kuanza na wa kumaliza, kwahiyo kipande kimoja mikia sita. Vipande 80 ni mikia 480, na hapo hujahesabu ya kuunganishia. Hakuna binadamu anakaa chini kurudisha mikia 480 kwa moyo safi. Lakini sita baada ya kila kipande, unarudisha huku unaongea na mtu. Wanaosafiri na reli ya kati kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200, mnajua jinsi behewa linavyofaa kufumia, mikono inajua njia yenyewe. Ila kurudisha kwa sindano kali humo ndani msijaribu likiwa linatembea, subirini linaposimama Tabora, pale linakaa kaa, mnarudisha mikia ya vyote mlivyofuma tangu Uvinza.

Kwa kitambaa ambacho kimeshaanza kuachia, usikimbilie kufunga fundo kwenye kile kimkia kilichobaki, hakitashika. Chukua sindano ya kroshia, okota kwanza vitanzi vilivyo wazi kimoja kimoja uvishike na pini ya kufungia nguo visiendelee kukimbia. Tafuta uzi wa rangi ile ile, hata kama umepauka tofauti kidogo, ukate wa urefu wa mkono, uzamishe kwa sindano sentimita tano kabla ya tundu kwenye kazi iliyo nzima, fuma upya nguzo zilizopotea, afu zamisha mwisho wake upande wa pili wa tundu sentimita tano nyingine, kwenda, kugeuka, na kupanda. Kile kimkia kifupi cha zamani kilaze chini ya nguzo mpya unazofuma, kitakaa. Kikiwa kifupi hata sindano haiwezi, chomeka sindano tupu kwanza kwenye kazi mpaka tundu lake liwe karibu na kimkia, ndo uvishe uzi tunduni halafu uvute sindano yote. Hata mkia wa sentimita mbili unaingia kwa njia hiyo.

Na bei jamani. Mteja akiuliza blanketi la rangi tano, msimpe bei ya uzi na siku za kufuma tu, hesabuni na mikia. Mimi mteja akilalamika namgeuzia kazi nyuma namwonyesha, namwambia vuta hapa, anavuta, haitoki. Akivuta na kwingine na bado haitoki, mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.